Mkojo wetu walishapima, majibu iko wapi?

Ndugu na dada wa Likasi, mtu wa nje akisikia Buluo anafikiri gereza tu. Sisi wenye kuishi hapa tunajua vumbi. Tunajua mama anayefunika bukari na sahani mbele ya kuita watoto.

Hiyo vumbi si hadithi ya kijiweni. Mwaka 2009 Célestin Banza Lubaba Nkulu wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzake wa Leuven kule Ubelgiji, walitoa utafiti juu ya watu 351 wa kusini mwa Katanga. Walipima mkojo. Kobalti waliyoikuta ilipita yote iliyokuwa imeandikwa mbele ya pale kwa watu wa kawaida, siyo wafanyakazi wa kiwanda, watu wa kawaida. Wenye kuishi chini ya kilometa 3 na mugodi ao kiwanda walikuwa na nyingi zaidi, na watoto walipita wakubwa. Mtoto anacheza chini, anaweka mikono ku mdomo.

Mwaka 2020 utafiti mwingine, uliofanyika Lubumbashi, ulionyesha kama baba akifanya kazi ya madini, hatari ya mtoto kuzaliwa na kilema inapanda. Tuseme ukweli: hiyo haimaanishi mtoto fulani aliharibiwa na kampuni fulani, na yeyote anayewaambia hivyo anawadanganya. Lakini inatosha kabisa ili tuanze kupima hapa kwetu.

Sasa fuateni maji. Maji machafu ya viwanda vya Shituru yanateremka katika mto Panda, yanaingia Lufira, yanafika ziwa Tshangalele. Mwaka 2010 Katemo Manda na wenzake walichapisha vipimo vya Lufira ya juu: shaba, kobalti, risasi, kadimiamu, hata urani, zimeingia katika chakula cha mto, samaki pamoja. Samaki hao wanauzwa ku soko. Wamama wanaouza hawana kosa lolote, wao wenyewe wanawakula.

Na hilo ziwa, nani alilitengeneza? Ni bwawa la Mwadingusha, lenye kutoa umeme tangu 1930. Mitambo yake ilitengenezwa upya, ikaisha 2021, megawati 78, kwanza kwa ajili ya mugodi wa Kamoa-Kakula. Kobalti ya Katanga nayo inaenda kuwa betri ya magari ya Uchina na Ulaya. Wanaita hiyo enerji safi. Sisi hatukatai gari ya umeme. Tunauliza tu juu ya nini usafi unaanzia mbali na Shituru.

Wengine watasema: mukifunga viwanda, baba zetu watakula nini? Hakuna aliyesema kufunga. Tunaomba kupimwa: maji ya visima, samaki wa Lufira, mkojo wa watoto wa shule, kila mwaka, na majibu yabandikwe ku komine kwa Kiswahili. Tafiti zote nilizotaja ziko kwa Kiingereza na Kifaransa, katika majarida ambayo bibi yangu hatayafungua hata siku moja.

Makuta iko. Kodi ya madini ya 2018 inasema asilimia 15 ya redevansi inaenda kwa eneo ambako mugodi uko, na kila kampuni inatoa angalau asilimia 0,3 ya mauzo yake kwa maendeleo ya wakaaji. UNILU ina watafiti. Katiba, kifungo cha 53, inatupa haki ya mazingira yenye afya. Kwa hiyo swali letu kwa meri ni fupi: mwaka huu imeingia ngapi, na ngapi imelipa kipimo hata kimoja?

Barua iko tayari. Tunaipeleka kwa Bwana Meya kisha tutabandika hapa jibu lake, ama tarehe ambayo hakujibu. Wa Buluo, wa Panda, wa Kikula, kujeni mutie sahihi. Na mukiwa na kisima nyumbani, andikeni pia kiko umbali gani na kiwanda.