Arobaini haijafika, na kazi inaita

Msomaji wetu mmoja, mwalimu wa michezo katika sekondari ya wasichana, ameniandikia barua ndefu. Mkewe amefariki mwezi huu. Timu yake ya netiboli inajiandaa kwenda UMISSETA na yeye anataka kwenda na wanafunzi wake. Mama mkwe amemwambia waziwazi: arobaini ya mwanangu haijafika, wewe unawaza mipira? Sasa ananiuliza mimi, nisiyejua hata kudaka mpira, afanye nini.

Mwalimu, sina jibu la mkato. Ila barua yako imenikumbusha kocha mmoja wa Marekani, Mike Candrea. Huyu alifundisha wasichana wa chuo softiboli, mchezo ulio ndugu wa beziboli, ila mpira ni mkubwa zaidi na mrushaji anaurusha mkono ukipita chini.

Hakuanzia juu. Alikuwa mchezaji wa beziboli, kiwiko kikaumia, ndoto ikaishia hapo. Akabaki kwenye chuo kidogo cha Central Arizona, kwanza akiwa kocha msaidizi wa beziboli, kisha akapewa timu ya softiboli ya wasichana. Sijui wangapi kati ya wanaume wetu wangeipokea nafasi hiyo bila kununa. Aliifundisha miaka mitano, akatwaa ubingwa wa vyuo vya miaka miwili mara mbili mfululizo, 1984 na 1985. Ndipo Chuo Kikuu cha Arizona kikamchukua. Ubingwa wa taifa wa kwanza aliupata huko mwaka 1991, akiwa tayari na miaka kumi ya kufundisha mchezo huo. Jumla akafikisha manane.

Nawaambia wazazi wenye watoto wanaotaka ukocha: kazi hii hailali nyumbani. Msimu ukianza ni basi na ndege. Msimu ukiisha, kocha anazunguka kutafuta wachezaji wapya, anakaa na wazazi wa binti na kuwaahidi kwamba atamtunza kama wake. Mwenzi wa kocha ana mawili: kubaki nyumbani akingoja, au kuandamana na timu.

Mwaka 2004 Candrea aliomba ruhusa chuoni aiongoze timu ya taifa kwenye Olimpiki ya Athens. Timu ilizunguka miji ya Marekani ikicheza mechi za maandalizi, na mkewe, Sue, alikuwa pamoja nao. Julai, wakiwa Wisconsin, Sue akaanguka ghafla. Mshipa wa damu kichwani ulikuwa umepasuka. Akafariki tarehe 18.

Fainali ya Olimpiki ilichezwa tarehe 23 Agosti. Hesabu mwenyewe, mwalimu: siku thelathini na sita.

Alikwenda. Timu yake ilicheza mechi tisa na kushinda zote, ikapata pointi 51 na kufungwa moja tu, nayo siku ya fainali dhidi ya Australia. Wakavishwa dhahabu.

Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nilikasirika. Nilisema moyoni, huyu mwanamume ana moyo wa jiwe. Lakini nikawafikiria wale wasichana. Walikuwa wamesafiri na Sue, naye akawaangukia safarini. Msiba ulikuwa wao pia. Kama kocha angejifungia nyumbani, wangelia na nani kule ugenini? Na yeye, nyumba tupu ingemfariji vipi? Bado sisemi kila mfiwa afanye hivyo. Mama yangu mdogo alirudi kwenye genge lake siku ya kumi, majirani wakamsema mpaka wakachoka, na ni genge lile lililowasomesha watoto. Mwingine akirudi mapema anaanguka.

Candrea aliendelea Arizona hadi 2021, misimu 36. Aliyemrithi ni Caitlin Lowe, binti aliyemfundisha mwenyewe na kutwaa naye ubingwa wa 2006 na 2007. Lowe alirudi chuoni akaanza na kazi za uendeshaji wa timu, akawa msaidizi, mpaka akakabidhiwa timu nzima.

Mwalimu, usipande basi huku mama mkwe amenuna. Nenda kakae naye, wewe na mkubwa mmoja wa upande wako. Mpe tarehe ya kwenda na ya kurudi, na siku ya arobaini aipange yeye, nawe uwepo. Watoto wakae kwake ukiwa kambini, maana naye anahitaji mtu wa kumshika.

Halafu nijibu hili, kwa sababu barua yako haikusema: marehemu aliwahi kuja kuwatazama wale wasichana wakicheza? Kama alikuja, mama yake anajua?