Maji Maangavu Si Maji Mazima: Somo la Bondeni kwa Sisi Wapwani

Barazani kwetu Mombasa kuna hoja imezuka tena: mbona Pwani haijengi bwawa la pomboo, watalii walipe kiingilio na vijana wapate kazi? Dubai wanalo tangu 2008, na waliokwenda huko wamerudi na video za pomboo wakiruka pete. Sikuwa na jawabu la maana mpaka nilipokwenda Nakuru kumjulia hali dada yangu, aliyeolewa mtaa wa Bondeni.

Nilimkuta mpwa wangu amenuna. Ana tangi la kioo la samaki wa mapambo, aliowanunua kwa pesa zake za kuuza viatu vya mitumba. Ijumaa alilisafisha: akamwaga maji yote, akasugua kokoto, akasuuza sifongo ya chujio kwenye mfereji, akajaza maji mapya. Tangi likang'aa. Jumatatu samaki wote walikuwa wanaelea, matumbo juu.

"Mjomba, maji yalikuwa safi kuliko siku zote," akaniambia.

Yalikuwa maangavu, lakini hayakuwa mazima. Kinyesi cha samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Ndani ya sifongo na kokoto huishi bakteria wanaoigeuza amonia hiyo mpaka ikawa kitu chenye madhara madogo. Klorini ya maji ya mfereji huua bakteria hao, na samaki pia huwadhuru. Kijana alitakiwa abadilishe sehemu ndogo tu ya maji, yaliyotolewa klorini kwanza, na sifongo aisuuze kwa maji ya tangi lile lile.

Ikiwa kitangi cha sebuleni kinataka uangalifu huo, bwawa la pomboo je? Pomboo si samaki. Ni mnyama anayenyonyesha na kuvuta hewa kama sisi. Kila siku hula kilo nyingi za samaki, na uchafu wake wote hubaki kwenye maji anayoogelea. Mwenye bwawa lazima ayazungushe maji hayo kwenye machujio mchana na usiku, na mara nyingi atie klorini au ozoni. Klorini ikizidi, macho na ngozi ya mnyama huwaka, na mvuke wake hukaa juu ya maji, pale pale pomboo anapotoa pua kupumua. Sheria ya Marekani inataka maji yapimwe bakteria wa kinyesi kila wiki, na kemikali zipimwe kila siku. Umeme ukikatika, hesabu yote inavurugika. Na hapo hatujasema lolote juu ya mnyama aliyeumbiwa bahari kuzunguka ukutani maisha yake yote. India ilikataza mabwawa haya 2013, Kanada ikafuata 2019.

Kesho yake tulikwenda kuangalia Ziwa Nakuru. Mito inaingia, Njoro, Makalia na Enderit, lakini hakuna mto unaotoka. Ni tangi kubwa lisilo na tundu. Maji hupungua kwa jua tu, na jua huchukua maji, haliondoi uchafu. Mitaro ya mvua ya mjini huteremkia huko pamoja na taka zake, na maji taka yaliyosafishwa ya mji huishia huko huko.

Ziwa hili liliingizwa kwenye orodha ya Ramsar 1990 na kuwa Urithi wa Dunia 2011. Heshima hizo hazikulikinga. Tangu kama mwaka 2010 maji yamepanda, ziwa likatoka kilomita za mraba 40 na kitu likapita 60. Ungedhani maji mengi ni neema. Lakini magadi yalizimuliwa, mwani wanaokula flamingo ukapungua, na flamingo wengi wakahamia maziwa mengine kama Bogoria. Ndege ana mbawa. Kiboko alibaki.

Hapo ndipo nilipokumbuka somo la madrasa: Mtume (S.A.W.) alikataza mtu kukojoa kwenye maji yaliyotuama. Tulipokuwa watoto tulicheka. Pale ukingoni sikucheka.

Sasa turudi kwetu. Sisi Mungu ametupa bwawa ambalo machujio yake ni maji kujaa na kupwa, mara mbili kwa siku, bila bili ya umeme. Pomboo wako Kisite-Mpunguti, kule Shimoni, na Watamu. Nyangumi hupita kila mwaka. Nguva je? Wazee wa Lamu wanawajua. Vijana wanawajua kwa hadithi. Nguva hula majani ya bahari, na majani yanataka jua. Maji taka na tope vikiyatia maji ukungu, majani hufa, na nguva hana pa kwenda. Sumu nazo hujikusanya kwenye mafuta ya pomboo jike, naye humpa mwanawe kwa maziwa.

Mombasa ina mitambo ya maji taka Kizingo na Kipevu, lakini nyumba nyingi hazijaunganishwa na bomba lolote. Vinyesi vyetu vinaingia Tudor na Kilindini. Hatuwezi kuyaharibu maji ya bure kisha tukajenga bwawa la kulipia. Wazee walisema, usiache mbachao kwa msala upitao.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa barazani, jawabu langu ni hili. Kazi za vijana zipo: waongozaji wa mashua wanaojua kumkaribia pomboo bila kumfukuza, wapimaji wa maji, mafundi wa mabomba. Wagombea wanaokuja kuomba kura tusiwaulize bwawa la pomboo. Tuwaulize nyumba ngapi za wadi yetu zitaunganishwa na bomba la maji taka, na lini.

Mpwa wangu ameanza upya na samaki wawili. Safari hii sifongo haigusi mfereji.