Biashara ya Mikono Mitupu

Ugonjwa humfanya mtu mnyonge, na penye mnyonge hapakosi mnyonyaji. Huko Marekani na Ulaya wamezagaa waganga wanaodai kuponya kwa "nguvu ya uhai" ipitayo viganjani mwao. Hawatoi dawa wala hawapimi damu. Huweka mikono juu ya mgonjwa, au hewani karibu na mwili wake, kisha hudai ada.

Wengi wao hufuata Reiki, iliyoanzishwa Japani na Mikao Usui mwaka 1922. Mafunzo yake yana ngazi tatu. Ya kwanza aghalabu humalizika kwa siku mbili tu: mwalimu humfanyia mwanafunzi taratibu za kumfungulia njia ya nguvu hiyo, naye hutoka akiwa mganga. Muuguzi husoma miaka na kukesha wodini! Hawayo Takata, aliyeipeleka Reiki Hawaii katika miaka ya 1930, aliwatoza waliotaka ngazi ya ualimu dola 10,000. Hadi alipofariki mwaka 1980 alikuwa amefuzisha walimu 22. Je, nguvu inayodaiwa kuwa ya ulimwengu mzima imekuwaje na mwenye duka?

Watetezi hujibu kwamba nguvu hiyo haionekani, bali huhisiwa kwa mikono. Vema, na ipimwe. Mwaka 1998 jarida la Chama cha Madaktari cha Marekani lilichapa jaribio alilolibuni mtoto wa miaka 9, Emily Rosa. Waganga 21 wa mbinu iliyo ndugu ya Reiki, iliyozuka Marekani mwaka 1972, walipitisha mikono yao chini ya kizuizi, wakatakiwa kutaja ni mkono wao upi uliokaribiwa na mkono wa mtoto. Katika majaribio 280 walipatia 123. Kubahatisha tu kungewapa 140.

Itasemwa kwamba wagonjwa hupata faraja. Ni kweli, saa moja ya utulivu na mkono wa upole humliwaza mtu. Lakini faraja si tiba. Uvimbe wa saratani haungoji, na anayeahirisha upasuaji kwa kutegemea viganja hulipa mara mbili: kwanza fedha, kisha uhai.

Hata hivyo, baadhi ya hospitali za Marekani zimewafungulia milango watu hawa. Huko ni kuitia muhuri biashara ambayo haijathibitishwa. Mwenye kufariji na afariji. Mwenye kudai kwamba anatibu, na athibitishe kwanza kabla ya kunyoosha mkono kupokea ada.