Uhuru Ulioitwa Uhura

Mwanamke akiigiza katika nchi yetu, watu huuliza ameolewa na nani kabla ya kuuliza ameigiza nini. Akiwa na mume, huulizwa ni mume gani huyo amruhusuye. Akiwa hana, basi jawabu limekwisha kupatikana, na kazi yake haina haja tena ya kutazamwa. Mwanamume aigizaye hapewi mtihani huu. Yeye huambiwa kuwa ana kipaji, na hata akipanda jukwaani amelewa watu husema ndivyo wasanii walivyo.

Naandika haya kwa hasira kidogo, na msomaji aniwie radhi. Nilipata kukaa miongoni mwa waamuzi wa mashindano ya maigizo ya shule za sekondari. Katika duru ya kwanza alitokea binti mmoja wa kidato cha tatu, akacheza sehemu ya mjane anayenyang'anywa shamba na mashemeji zake. Nimetunga mashairi kwa miaka mingi, nami naijua tofauti ya sauti inayosoma maneno na sauti inayoyamiliki. Binti yule aliyamiliki. Siku ya fainali hakuwapo. Sehemu yake ilichezwa na mvulana aliyejifunga kanga, na pale ambapo mjane huomba aachiwe angalau kaburi la mumewe, ukumbi mzima ulicheka. Nilipouliza, mwalimu wao, mtu mwema na mwenye elimu kunizidi, alinijibu kwamba wazazi wamekataa, naye hakuona sababu ya kubishana nao. Kisha akaniambia: "Mzee wangu, nitajie mwigizaji mmoja tu wa televisheni ambaye ungependa binti yako aishi maisha kama yake."

Sikumjibu pale pale, maana tulikuwa tukijumlisha alama. Namjibu hapa. Jina ninalomtajia ni Nichelle Nichols.

Huyu alikuwa Mmarekani Mweusi, aliyezaliwa tarehe 28 Desemba 1932 katika mji mdogo wa Robbins, jirani na Chicago, ambako baba yake alipata kuwa meya. Wazazi walimwita Grace. Hilo la Nichelle alijichagulia baadaye. Alianza kwa kucheza dansi na kuimba, akapata kuimba pamoja na bendi ya Duke Ellington. Tarehe 8 Septemba 1966 shirika la televisheni la NBC lilianza kuonyesha mchezo wa mfululizo uitwao Star Trek, habari za mabaharia wa angani katika karne zijazo, naye Nichols alikuwa afisa wa mawasiliano wa chombo chao. Cheo chake luteni. Msomaji kijana asilidharau jambo hili. Katika michezo ya televisheni ya Marekani ya siku hizo mwanamke Mweusi aghalabu alikuwa mpishi au yaya wa nyumba ya Mzungu, na sheria iliyolinda haki ya Weusi kupiga kura, ya mwaka 1965, ilikuwa na umri wa mwaka mmoja tu. Ghafla huyu hapa, amevaa sare, ameketi katika chumba cha uongozi, hafagii wala hapiki, na wanaume wanangoja taarifa yake ndipo waamue.

Afisa huyo aliitwa Uhura. Bila shaka mwanafunzi ameshtuka, na ana haki. Nichols mwenyewe alieleza katika kitabu cha maisha yake, kilichotoka mwaka 1994, kwamba siku ya kujaribiwa alikuwa na riwaya mkononi iitwayo Uhuru, ya Robert Ruark, Mmarekani aliyependa kuja kuwinda Kenya. Gene Roddenberry, mwasisi wa mchezo ule, akalipenda neno, ila likaonekana kavu mno kwa mwanamke, kwa hiyo irabu ya mwisho ikalainishwa. Basi neno letu, tulilolililia na kulipigia ngoma, liliingia Hollywood kwapani mwa kitabu cha mwindaji.

Naomba nigombane kidogo na waliolilainisha. Katika Kiswahili irabu haijui mume wala mke: baba huishia kwa a sawasawa na mama. Uhuru umo katika ngeli moja na utu, uzee na ujinga, na humo hakuna wa kiume wala wa kike. Haki yao moja nitawapa. Katika Kiarabu, ambako shina la neno hili limetoka, mwanamke aliye huru huitwa hurra, kwa a. Kwa hiyo walijikwaa, wakaangukia karibu na ukweli bila kujua. Lakini wenzetu wanaotembea kifua mbele kwa kuwa "Kiswahili kimefika angani" nao wapunguze mwendo. Kuazimwa neno si kujifunzwa lugha. Ni kweli kwamba katika kisa cha kwanza kabisa kilichoonyeshwa, kiumbe mmoja mwenye kujigeuza alimjia Uhura kwa sura ya mwanamume Mweusi akamsemesha Kiswahili. Na katika kisa kingine cha mwaka 1967, kumbukumbu zake zilipofutwa na mtambo, akafundishwa upya kusoma na kunena, Kiswahili ndicho kilichomtoka kwanza kama titi la mama. Nafurahi kuyajua hayo. Lakini ni maneno machache, na fahari ya maneno machache ichukuliwe kwa kiasi chake.

Wapo pia wanaosema kuwa alikuwa mpokea simu tu. Nichols mwenyewe alipata kuwaza hivyo. Mistari yake ilikatwa mara kwa mara, na alisimulia kwamba barua alizoandikiwa na watazamaji hazikuwa zikimfikia, zilizuiliwa studioni. Mwaka wa kwanza wa mchezo ulipokwisha aliamua kuondoka arudi jukwaani New York, akamwambia Roddenberry. Mwisho wa juma lile, kwa maelezo yake, alikutana hadharani na Martin Luther King, naye akamwambia kuwa ndio mchezo ambao yeye na mkewe Coretta waliwaruhusu watoto wao kukaa usiku kuutazama. Aliposikia kuwa anaondoka, alimkataza. Alimweleza kwamba kwa mara ya kwanza watu wao wanaonekana kama wapasavyo kuonekana, na kwamba nafasi ile ikiachwa, haitaandikwa tena kwa ajili ya mtu Mweusi. Alibaki hadi mchezo uliposimamishwa mwaka 1969. Mimi ni mtumishi wa serikali, nami nakiri kuwa nimeona watu wengi wakibaki katika viti vyao kwa sababu duni kuliko hiyo.

Sasa nije kwenye yale ambayo mwalimu wangu ana hamu nayo. Nichelle Nichols aliolewa mara mbili, na ndoa zote mbili zilivunjika. Ya kwanza ilikuwa mwaka 1951, na mwaka huo huo akazaa mtoto wake pekee, mwana wa kiume. Ndoa ile haikukawia. Ya pili ilidumu tangu 1968 hadi 1972. Sifichi, maana mtetezi anayeficha ni shahidi mbaya. Lakini aliyesoma mistari hiyo akafunga kitabu hakusoma lolote. Katika miaka yote baina ya ndoa hizo alikuwa mama aliyeachwa na mtoto, naye aliimba na kucheza katika kumbi za usiku ili mtoto ale. Yale ambayo wenye adabu wangeyaita uhuni ndiyo yaliyolipa maziwa. Mtoto huyo, Kyle Johnson, mwaka 1969 alikuwa mwigizaji mkuu wa filamu ya Gordon Parks iitwayo The Learning Tree. Katika idara nilizofanyia kazi nawajua wanaume waliotaliki mara tatu, na wote wamepandishwa cheo. Hakuna aliyependekeza wavulana wakatazwe kujifunza uhasibu.

Liko pia lile busu. Tarehe 22 Novemba 1968, katika kisa kimoja, Uhura na nahodha wake, aliyechezwa na William Shatner, Mzungu, walibusiana. Husemwa kuwa ni busu la kwanza la Mweusi na Mzungu katika televisheni ya Marekani. Wajuzi wametaja mengine yaliyotangulia, nami siligombanii hilo la kwanza. Nitakalo ni kwamba wakuu wa televisheni waliogopa vituo vya majimbo ya Kusini, ambako hadi hukumu ya Mahakama Kuu ya nchi ile ya Juni 1967 ndoa ya namna hiyo ilikuwa jinai. Mimi si mpenzi wa mabusu katika kioo cha televisheni. Nimelelewa kutazama pembeni, na bado natazama pembeni. Lakini mwenye kulisimulia tukio lile alisimulie lote. Katika kisa chenyewe wale wawili hawakubusiana kwa hiari. Walilazimishwa na watawala wenye nguvu za ajabu waliowachezesha kama vibaragosi ili wajifurahishe. Uhura anaogopa, na anasema hivyo. Anayeuona uasherati pale na asiuone utumwa, kasoro haiko kwa mwigizaji.

Hata hivyo kazi ninayotaka wanafunzi waijue zaidi aliifanya baada ya mchezo kwisha. Katika miaka ya 1970 Nichols aliliuliza hadharani Shirika la Anga la Marekani, NASA, kwa nini wanaanga wake wote ni wanaume Wazungu. Shirika, kwa busara ya nadra, halikumnunia, lilimwajiri. Mwaka 1977, kupitia kampuni yake ndogo iitwayo Women in Motion, alizunguka vyuo na mikutano akiwataka wanawake na watu wasio Wazungu wapeleke maombi. Waliwaamini wachache wa ofisi zile, lakini walimwamini Uhura. Maombi yaliyopokelewa yalizidi 8,000. Januari 1978 yalitangazwa majina 35 yaliyochaguliwa, na kwa mara ya kwanza walikuwamo wanawake sita, wanaume Weusi watatu, na mmoja wa asili ya Asia. Miongoni mwao ni Sally Ride, mwanamke wa kwanza wa Marekani kwenda angani, na Guion Bluford, Mmarekani Mweusi wa kwanza, wote mwaka 1983. Walikuwamo pia Judith Resnik, Ronald McNair na Ellison Onizuka, waliokufa katika chombo cha Challenger tarehe 28 Januari 1986. Sisemi kuwa yeye ndiye aliyewafundisha hesabu. Hesabu walikuwa nazo. Walichokosa ni mtu wa kuwaambia kuwa mlango hauna kufuli. Na Mae Jemison, daktari, mwanamke Mweusi wa kwanza kwenda angani mwaka 1992, amesema mara nyingi kuwa utotoni alimtazama Uhura.

Uzee wake haukuwa mtamu. Alipatwa na ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu, na wakati yeye hawezi kujisemea, palikuwa na kesi mahakamani kuhusu nani asimamie mambo yake. Alifariki tarehe 30 Julai 2022, mwenye umri wa miaka 89. Katika habari za kifo chake nilizozisoma kwa Kiswahili, moja ilitaja busu katika kichwa cha habari, na NASA katika mstari wa mwisho.

Mwalimu atasema kuwa huyo ni wa Marekani, na sisi tuna mila zetu. Vema, turudi kwetu. Siti binti Saad alitoka kijijini Fumba, Unguja, akiuza vyungu vya mama yake, akaishia kuimba mbele ya wakubwa, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kutiwa sauti yake katika sahani za santuri. Naye alisemwa, tena kwa maneno mabaya kuliko haya. Alipofariki mwaka 1950 hakukosa mwandishi wa maisha yake, na mwandishi huyo hakuwa mwingine ila Shaaban Robert, ambaye vitabu vyake mwalimu huyu anavifundisha kila mwaka. Mila ipi basi tunayoilinda? Katika utoto wangu mabibi wa michezo ya redio waliingia kila nyumba ya bara. Sauti zao zilipendwa na wazee wenye misikiti na wazee wa kanisa, na sikusikia mtu akiuliza ndoa zao. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, bara ilingoja hadi miaka ya 1990. Sura ilipoonekana, ndipo maswali yakaanza. Sauti ile ile, kazi ile ile. Kilichozidi ni uso wa mwanamke.

Swali la mwalimu, kwa kweli, lilikuwa na mtego. Sitaki binti yangu aishi maisha ya Nichelle Nichols, wala ya Siti, wala ya mama yake mzazi. Ataishi yake, na huenda akaolewa vema au vibaya akiwa mwigizaji, au mkunga, au karani kama mimi. Nilichoulizwa kama mwamuzi siku ile ni kama mjane wa jukwaani aliaminika, na katika fomu ile hapakuwa na safu ya ndoa.

Binti yule sasa yu kidato cha nne. Nimesikia kuwa shule yake itauleta mchezo ule ule, na kwamba mvulana mwenye kanga amebalehe, sauti imekuwa nzito, hawezi tena. Mwalimu wangu, umbali wa kwenda kwa wazazi wa binti ni mdogo kuliko wa kuja mashindanoni. Nenda jioni, baba akiwa amerudi. Usiende na habari za nyota wala za Marekani. Waombe waje wamtazame mtoto wao akifanya mazoezi, mara moja, kisha waseme wao wenyewe wameona nini.