UCHAMBUZI: Karatasi ya maagizo ya hospitali humsahau mwanamke aliye katika hedhi

KIFO cha mtangazaji Njambi Koikai mnamo Juni 3, 2024 kiliwafanya Wakenya wengi kulitamka kwa mara ya kwanza neno endometriosi. Marehemu, ambaye maradhi hayo yalimfika hadi kifuani na kuyaathiri mapafu, alikuwa ametumia miaka kadhaa akieleza hadharani jinsi alivyohangaika kabla ya ugonjwa wake kutambuliwa.

Mjadala uliofuata ulihusu zaidi maumivu ya hedhi na ugumba. Hawakuzungumziwa sana wanawake ambao ugonjwa huo umewashika kwenye matumbo, na ambao safari yao ya matibabu huwapitisha katika chumba ambacho wengi hawakukitarajia: kile cha kuchunguzia utumbo mpana kwa kamera, uchunguzi uitwao kolonoskopi.

Endometriosi hutokea pale tishu zinazofanana na utando wa ndani wa mfuko wa uzazi zinapoota nje ya mfuko huo. Shirika la Afya Duniani (WHO) linakadiria kuwa wanawake na wasichana milioni 190, takriban asilimia 10 ya walio katika umri wa kuzaa, wanaishi na maradhi hayo, na kwamba utambuzi wake huchelewa kwa kati ya miaka minne na 12. Yanapoushika utumbo, mara nyingi huathiri sehemu yake ya mwisho. Mgonjwa hufunga choo au huharisha, tumbo humvimba, kwenda haja kubwa huwa mateso, na wengine huona damu. Dalili hizo huzidi siku za hedhi.

Hapo ndipo utata unapoanzia. Miadi ya kolonoskopi hupangwa kwa kufuata nafasi ya daktari na mashine, wala si kalenda ya mgonjwa. Kwa mwanamke ambaye hedhi yake huja bila mpangilio na kumwaga damu nyingi, uwezekano wa siku hizo mbili kugongana si mdogo. Akifungua karatasi ya maagizo aliyopewa, huenda akaelezwa asile nini na anywe dawa saa ngapi, asipate hata sentensi moja kuhusu hedhi. Kimya hicho hukitafsiri kuwa katazo, naye huahirisha.

Ukweli ni kwamba hedhi haizuii kolonoskopi. Kamera hupitishwa katika njia ya haja kubwa, na damu ya hedhi haiingii humo wala haimzibi daktari macho. Mgonjwa anaweza kuvaa sodo au kutumia tamponi, mradi amwarifu muuguzi kabla ya kulala kitandani. Pengine dhana kwamba ni lazima kusubiri inatokana na kipimo kingine kabisa, kile cha kinyesi cha kutafuta damu isiyoonekana kwa macho. Hicho ndicho hakifai kufanywa wakati wa hedhi, kwa kuwa damu hiyo inaweza kuchanganyika na sampuli na kutoa jibu la kupotosha.

Maandalizi ndiyo yenye uzito kuliko uchunguzi wenyewe. Siku chache kabla, mgonjwa huacha vyakula vyenye makapi na mbegu: githeri, maharagwe, sukuma wiki, mapera, pasheni. Siku moja kabla huishi kwa vinywaji visivyo na ukungu, kama vile maji, supu iliyochujwa na chai isiyotiwa maziwa, almaarufu strungi, akiepuka vyenye rangi nyekundu au zambarau ambavyo huweza kudhaniwa kuwa damu. Kisha hunywa dawa ya kuharisha, ambayo kwa kawaida huchanganywa katika lita mbili hadi nne za maji. Nusu huinywa jioni na nusu saa chache kabla ya uchunguzi.

Kwa mwenye endometriosi aliye katika hedhi, usiku huo ni mzito maradufu. Hedhi yenyewe huandamana na kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini, ambazo huubana mfuko wa uzazi na kuuchochea utumbo. Dawa ya kuharisha huongeza msokoto juu ya msokoto. Jambo la kwanza ambalo mkono wake utafikia ni vidonge alivyozoea, ibuprofeni au diklofenaki. Lakini dawa za kundi hilo, zikimezwa na mtu aliyepungukiwa na maji mwilini, zinaweza kuzidhuru figo. Parasetamoli kwa kipimo cha kawaida ndiyo iliyo salama zaidi kwa wengi, na chupa ya maji moto tumboni haina ubishi. Suala hili lapasa kuulizwa siku ya kupewa miadi, si saa sita za usiku mgonjwa akiwa amejikunja sakafuni.

Kuna mengine ambayo karatasi hizo zinaweza kuyaruka. Wanawake wanaotokwa na damu nyingi hupungukiwa na damu na hupewa vidonge vya madini ya chuma. Vidonge hivyo huufanya uchafu kuwa mweusi na wenye kunata, hivyo husimamishwa takriban wiki moja kabla, la sivyo daktari huenda asione kitu. Vidonge vya kupanga uzazi, ambavyo baadhi ya wagonjwa hupewa ili kupunguza makali ya ugonjwa, huenda visifyonzwe vizuri kutokana na kuharisha, na anayevitegemea kuzuia mimba huhitaji kinga ya ziada kwa siku kadhaa.

Hata hivyo, maagizo yakiandikwa kwa ustadi namna gani, bado huchukulia kwamba mgonjwa ana choo chake. Chukua mfano wa mpangaji katika ploti yenye vyumba 20 na vyoo viwili, mahali ambapo maji huja siku mbili kwa wiki na mlango wa choo hufungwa kwa kufuli usiku. Anatakiwa aende haja mara kumi au zaidi kabla ya alfajiri, abadilishe sodo mara kwa mara, ajisafishe kila mara, kisha apande matatu asubuhi akiwa angali anaharisha. Anayetoka Lodwar kwenda Eldoret kumwona daktari bingwa hana budi kutafuta pa kulala karibu na hospitali kwanza. Gharama hiyo haimo kwenye bili ya uchunguzi, ambayo katika hospitali za kibinafsi hufika makumi ya maelfu ya shilingi.

Haya yote hutendeka katika nchi ambayo bado inaionea hedhi haya. Mnamo Februari 2023, Gloria Orwoba, aliyekuwa seneta maalum wakati huo, alitakiwa kuondoka katika ukumbi wa Seneti baada ya kuingia akiwa na suruali yenye doa jekundu. Kwa upande mwingine, Kenya iliondoa ushuru wa ziada ya thamani kwa sodo mnamo 2004, na sheria ya 2017 ikaipa serikali jukumu la kuwapa wanafunzi wa kike sodo bila malipo. Hatua hizo zilistahili sifa, ila zilimtazama msichana darasani. Mwanamke mzima anayevua nguo na kuvaa gauni la hospitali lililo wazi mgongoni, mbele ya wahudumu asiowajua, hakufikiriwa. Kuweka sodo na shuka ya ziada katika chumba cha kubadilishia nguo hakuhitaji kamati wala bajeti ya nyongeza.

Kuahirisha nako kuna hatari yake. Saratani ya utumbo mpana ni miongoni mwa zinazowapata Wakenya wengi, na damu kwenye choo haipaswi kuhesabiwa kuwa ya hedhi kabla ya kuchunguzwa. Kolonoskopi ina thamani kubwa hapo: kuondoa shaka ya saratani na ya vidonda vya utumbo.

Lakini kuitambua endometriosi ni kazi ambayo kamera hiyo huiweza kwa nadra. Tishu hizo huanza kuota kwenye uso wa nje wa utumbo na kupenya kuelekea ndani, na mara nyingi ngozi ya ndani hubaki nzima. Ni sawa na kukagua bomba kwa ndani ilhali kutu iko nje. Mgonjwa aliyevumilia usiku ule wote hukabidhiwa jibu kwamba utumbo wake hauna kasoro, na jibu hilo hufika nyumbani na kazini kabla yake. Mume, mama mkwe na meneja hulisoma kuwa ushahidi kwamba alikuwa akijisingizia.

Daktari anayeandika jibu hilo angeweza kuongeza mstari mmoja tu, kwamba endometriosi haijaondolewa katika orodha ya washukiwa. Hatua zinazofuata zipo: ultrasaundi inayofanywa na mtaalamu aliyefunzwa kuutafuta ugonjwa huo, au picha za MRI. Mwongozo wa 2022 wa ESHRE, chama cha wataalamu wa uzazi cha Ulaya, uliacha kuuhesabu upasuaji wa tundu dogo kuwa kipimo kikuu cha lazima, na unaruhusu matibabu ya homoni kuanza kwa kutegemea dalili hata picha zisipoonyesha kitu. Mgonjwa aliyeweka kumbukumbu ya tarehe za hedhi yake, sambamba na siku alizoumwa au kuona damu chooni, huenda kwa daktari wa wanawake akiwa na ushahidi ambao kamera ya utumbo haikuweza kuutoa.