Dume Mfupi wa Miguu: Mchunguze Kabla Hujamwingiza Zizini



Siku hizi naulizwa swali moja mara kwa mara: "Bwana mifugo, nitapata wapi dume mfupi?" Sababu za swali nazielewa. Malisho yamebanwa, pumba zimepanda bei, na ng'ombe mdogo anakula kidogo, tena hata mama akiwa peke yake anaweza kumfunga. Mimi siupingi ufugaji wa ng'ombe wadogo. Ninachopinga ni kumchagua dume kwa kutazama ufupi wa miguu yake basi.

Ng'ombe wafupi ni wa namna mbili. Wapo walio wadogo kwa asili yao, kama zebu wetu wa kienyeji, au Vechur wa jimbo la Kerala kule India ambao ni wadogo zaidi. Mtazame huyo: miguu, shingo, kichwa na kiwiliwili vimelingana. Wapo wengine wenye kiwiliwili kinene cha kawaida kilichokaa juu ya miguu mifupi kama iliyokatwa. Huyu wa pili mara nyingi ana hitilafu katika ukuaji wa mifupa, na hitilafu hiyo huweza kurithiwa na watoto.

Ng'ombe wa Dexter, wenye asili ya Ayalandi, ndio mfano unaojulikana zaidi. Ni ng'ombe wadogo, wana maziwa na wana nyama. Baadhi yao wana miguu mirefu kidogo, wengine mifupi sana, na wale wafupi ndio waliobeba hitilafu yenyewe. Ukimpandisha mfupi kwa mfupi, kwa wastani katika ndama wanne wawili watakuwa wafupi kama wazazi wao, mmoja atakuwa wa kawaida, na mmoja hataishi. Huyo wa mwisho hutoka kabla ya siku zake, uso umebonyea, ulimi umetokeza nje, miguu ni vijiti tu. Mwaka 1923 mtafiti F.A.E. Crew wa Edinburgh alikwisha kuandika juu ya ndama hao. Leo kuna kipimo cha maabara, lakini hata bila kipimo dawa yake ni nyepesi: mfupi apandishwe kwa mrefu. Hapo nusu ya ndama watakuwa wafupi, na huyo wa kufa hatapatikana.

Dexter ana nafuu, kwa sababu kasoro yake unaiona kwa macho. Kinachonitisha mimi ni kile kilichowapata wafugaji wa Hereford kule Marekani miaka ya 1940 na 1950. Majaji wa maonyesho walikuwa wakipenda ng'ombe mfupi, mnene, aliyejaa. Kumbe dume aliyebeba kasoro ya ukibeti mara nyingi alikuwa na umbo hilo hilo. Basi akapata utepe, akauzwa bei kubwa, na kila aliyemnunua akafurahi. Baadaye ndama vibeti wakaanza kuzaliwa: uso mfupi, paji limetokeza, tumbo kubwa, wanakoroma wakihema. Wengi walikufa wadogo. Na wafugaji wengine, kwa kuogopa kuharibu jina la mifugo yao, waliwaficha ndama hao na kuendelea kuuza madume. Hapo ndipo tatizo lilipotapakaa.

Sasa rudi kwenye kitongoji chako. Dume ni mmoja, anapanda ng'ombe wa watu wote, na amekaa hapo miaka mingi. Tuseme amebeba kasoro ya kujificha kama ile ya Hereford. Akipanda majike wasio na kasoro, huoni kibeti hata mmoja, lakini nusu ya watoto wake wanaibeba kimyakimya. Akibaki hapo akawapanda binti zake, kwa wastani ndama mmoja katika kila wanane atatoka kibeti. Watu watasema ni jicho baya. Au atalaumiwa jike peke yake, wakati kasoro ya namna hii lazima itoke kwa baba na kwa mama.

Kwa hiyo dume abadilishwe kabla binti zake wa kwanza hawajaanza kupata joto. Badilishaneni na kijiji cha mbali, si cha jirani ambako huenda dume ni ndugu yake. Vidume vya uzao wake vihasiwe mapema. Na anayeweza kugharimia uhimilishaji afanye hivyo, ila aandike jina la dume kwenye daftari, maana mbegu ya dume yule yule ikirudi kwa binti zake umefanya kosa lile lile kwa gharama.

Na wewe ndugu mchuuzi, hapa sitakuficha. Dume aliyezaa ndama kibeti akiuzwa mnadani kama dume la mbegu, ni wewe unayelipeleka tatizo kijiji kingine. Muuze kwa mchinjaji. Nyama yake haina ubaya wowote. Najua bei ya nyama ni ndogo kuliko bei ya mbegu, lakini aliyenunua atapoteza ndama na miezi tisa ya kulisha jike, na ukirudi mnada ujao atakuwa anakusubiri.

Lakini usikimbilie kumchinja dume kwa ndama mmoja. Jike aliyekosa madini ya manganizi wakati wa mimba naye anaweza kuzaa ndama mwenye miguu mifupi na viungo vibaya. Uliza kwanza: ndama wangapi, kwa majike wangapi, baba ni yule yule?

Ndama akitoka kabla ya siku, usimshike kwa mikono mitupu wala usimtupie mbwa. Kutupa mimba kunaweza kuwa brusela, nayo inaambukiza watu. Vaa glovu, mpige picha ya uso na ya miguu, andika dume aliyempanda mama yake, umzike shimo refu pamoja na kondo la nyuma, kisha mpigie afisa mifugo wa kata siku hiyo hiyo.