Simu isigeuzwe bomu

Ndugu zangu, tarehe 17 Septemba 2024 kule Lebanon, peja za watu wa Hezbollah zililipuka kwa pamoja. Kesho yake zikafuata simu za upepo. Baruti ilifichwa ndani zamani. Israel ilikuja kukiri baadaye. Maelfu walijeruhiwa, na kati ya waliokufa wamo watoto.

Wengine watasema, si walilenga wapiganaji? Sawa, lakini aliyelipua hakuona nani kakishika kile kifaa. Itifaki ya kimataifa ya 1996 inakataza kutumia bomu lililotengenezwa kwa sura ya kitu cha kawaida.

Sisi wakimbizi, simu ndo sauti ya mama, ndo habari za nyumbani, ndo pesa ya chakula. Tukianza kuiogopa, tutabaki na nini?

Nyinyi mnaonaje?